Neno la Maji

Kila asubuhi bomba la Atuganile lilionyesha herufi tano kwenye kioo chake kidogo, na maji hayakutoka mpaka mwenye nyumba atunge neno la Kiingereza ambalo hakuna jirani aliyelitumia wiki hiyo. Jumanne zilitoka A, E, N, R na T.

"Near," alisema mumewe, Mwalimu Mwakalobo, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini.

"Limekataliwa. Wameshalitumia kwa kina Sekela."

"Rent."

"Nalo limekataliwa! Baba Lusajo, jana hatukuoga, vyombo vimejaa inzi, na mimi nachelewa zahanati. Si wewe uliyekuwa unanitajia maneno kumi kabla sijabandika chai?"

Mzee alizitazama herufi kwa muda mrefu. "Near," akasema tena, taratibu.

Atuganile alisonya. Akamsogeza pembeni kwa kiwiko na kuandika neno pekee lililomjia kichwani: TARN. Maji yakaanza kumwagika kwa nguvu.

"Hilo si neno," alisema mumewe.

"Ni ziwa dogo la mlimani! Ulinifundisha mwenyewe tukiwa wachumba, siku ile tulipopanda Rungwe, ukaniringia mpaka nikakuchoka."

Mzee alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za watu wengine. "Tulipanda Rungwe?"

Atuganile alikuwa na maneno makali mdomoni. Akayameza. Akaingia jikoni, akatoa ndoo, masufuria, hata beseni la kufulia, akaanza kukinga maji kimoja baada ya kingine, maana kesho huenda asiwepo wa kumtajia neno.