Kijitabu cha Kuwafahamu Wenyeji

Wiki moja kabla ya Mwinjilisti Eunike kwenda ng'ambo kuhubiri kwa miaka minne, Mchungaji Zabloni alimpa kijitabu cha kuifahamu nchi anayokwenda. Eunike akasoma kwa sauti: "Wenyeji ni wavivu, wanapenda ngoma, hawamjui Mungu."

Akainua macho. "Mchungaji, si ndivyo wamisionari walivyomwandika bibi yangu? Aliyewalimia shamba mpaka mgongo ukapinda?"

"Mama, usianze siasa zako. Kariri tu. Kesho halmashauri ya kanisa inakuhoji, ukishindwa anakwenda mwingine."

Eunike alikifunga kijitabu, akafungua daftari, akampigia simu mama atakayempangisha chumba kule.

"Dada, nifundishe. Kwenu mtu akifiwa, mnamwambia nini?"

Yule mama akaanza kuimba wimbo wa maombolezo, taratibu, na kalamu ya Eunike ikabaki juu ya ukurasa mweupe.