Sharti la Juu Kabisa

Meseji ilikuwa pale pale, nzima, haijasomwa na mtu.

"Zahanati Bukima. Mama mjamzito anatokwa damu nyingi. Leteni gari haraka." Imetumwa Jumapili, saa saba na dakika nne mchana.

Stellah aliikuta kwenye kompyuta yake ya ofisini. Kwa siku mbili Musoma nzima ilikuwa ikimtukana kaka yake Yusto, dereva wa gari la wagonjwa, kwamba aliiona meseji akaipuuza mpaka Getruda wa watu akafia mlangoni pa zahanati, mtoto tumboni. Yusto aliapa kwamba simu yake haikupokea kitu. Nani angemsikiliza? Polisi walimchukua akiwa bado na ovaroli ya kazi.

Mfumo wenyewe wa kompyuta Stellah ndiye aliyeuandika. Unapokea meseji za zahanati na kuzigawa kwa madereva wa Musoma, Bunda na Butiama kwa kufuata masharti. Unayasoma kuanzia juu; sharti moja likitimia, yaliyo chini yake hayaguswi tena. Na juu kabisa, juu ya hayo ya madereva, lilikaa hili:

kituo == 'Bukima'

Yaani, ikitoka Bukima, meseji inakwenda kwenye sanduku la majaribio, isimfikie dereva yeyote. Stellah aliliweka mwezi uliopita, alipokuwa akijaribu mfumo kwa jina la kijijini kwao ili asiwasumbue madereva bure. Alipanga kulitoa Ijumaa ile ile. Akasahau.

Simu ikaita. Alikuwa Eufrasia, mke wa Yusto, aliyeshinda kituo cha polisi tangu alfajiri.

"Wifi, umeona chochote? Huyu mtu hapuuzagi simu, si unamjua? Wanasema kama ushahidi hamna, kesho wanampeleka mahakamani."

"Natafuta, wifi. Usilie."

Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka. Yusto ndiye aliyeuza ng'ombe wake wote, wale aliowatunza aje aolee, ili mdogo wake asome chuo. Alioa akiwa amechelewa, na hakuwahi kumsimanga hata siku moja.

Akamgeukia Evance, aliyekaa naye meza moja pale ofisini.

"Hizi rekodi za meseji zina kopi sehemu nyingine?"

"Zikae wapi tena? Ziko kwenye mashine yako tu. Hiyo ikifa, na zenyewe zimekwenda." Evance akamtazama kwa huruma. "Vipi, umepata cha kumsaidia bro?"

"Ngoja kwanza nihakikishe."

Aliisoma tena ile meseji ya Bukima, neno kwa neno, mpaka macho yakamuuma. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kisha akampigia Eufrasia.

"Wifi," alisema, akilitazama sanduku la majaribio likiwa tupu mbele yake, "nimetafuta kote. Hamna kitu."