Sababu ya Kuchelewa

Pigo la kwanza Chepkorir alilisikia akiwa langoni. La pili lilifuatwa na yowe la mumewe, na hapo akatupa mwavuli, akakimbilia ghala la viazi.

Ni Kibii, akawaza. Nani mwingine? Jirani huyo alikuwa akipita kila jioni na kuukagua ua wao kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni, akingojea siku ya mnada. Jonah, mumewe, alikuwa amekadiriwa kodi ya kumaliza shamba na lori, na kilichobaki kumwokoa ni rufaa. Rufaa nayo ilitaka risiti za mbegu na mbolea. Jonah, kwa ujeuri wake wa kutosikia la mtu, alikuwa amezihifadhi darini pamoja na viazi vya mbegu, panya wakazila.

Duka la Molo lilikubali kuzitoa upya, ila baada ya wiki moja. Mwisho wa kuzipeleka ulikuwa kesho. Wakili aliwaambia wazi kwenye simu kwamba baraza la rufaa haliongezi muda, labda mtu awe mgonjwa au awe nje ya nchi. Jonah hajafika hata Busia mpakani. Alinuna siku nzima, kisha jana mezani akacheka peke yake, na Chepkorir akamshukuru Mungu.

Asubuhi hii Jonah alimhimiza mkewe aende kwa akina mama wa kanisa, tena asiwe na haraka ya kurudi. Kimeli, kitinda mimba wa kwao Chepkorir, alikuwa amepita kuwaona. Alikataa mursik, maziwa ya kugandishwa, yeye ambaye akiambiwa aonje humaliza kibuyu, wala hakumtazama dada yake usoni. Mvua ya milima ya Mau ilifurisha mto, maji yakafunika daraja, ndiyo maana Chepkorir akarudi mapema.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Jonah alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto umelala juu ya kigogo, damu imerukia viazi. Saa yake ilining'inia msumarini. Mtu aliyevaa koti la mvua, kofia yake imemfunika kichwa chote, alisimama mbele yake na rungu, akiupa mlango mgongo. Alikuwa akihema kwa kwikwi.

"Piga tena," Jonah alisema, ameuma meno.

Chepkorir alikijua kiburi hicho. Mume wake angekufa akijibizana. Yule mtu aliinua rungu, akasita, akalishusha. Mfupa ulilia kama kuni kavu, na Jonah akaanguka kifudifudi.

Chepkorir alichukua jembe lililoegemea ukutani. Hakupiga kelele, asije akamgutusha. Alimpiga kisogoni kwa nguvu zote, na alipoanguka akampiga tena, na tena, kwa hasira ya miezi yote ile ya kukosa usingizi.

"Mama Cate, wacha," Jonah alimsihi mkewe kutoka sakafuni. "Wacha, tafadhali."

Hakumwendea mkewe. Alijikokota hadi kwa yule mtu, akamgeuza kwa mkono mmoja, akamvua kofia.

Jembe lilimtoka Chepkorir mikononi. Macho ya Kimeli yalikuwa wazi, na hayakupepesa.

"Alikataa mara mbili," Jonah alisema, akilia. "Nikamwambia ni mkono tu, Kimeli, daktari aniandikie, tupate hiyo wiki moja."