Mifuko ya Chumvi

"Leta yote, mama," Norbert alisema, akanyoosha mkono bila haya.

Florentine, muuguzi wa kijiji kimoja cha milimani juu ya Fizi, alimtazama kwa kinyaa. Huu ulikuwa mwaka wa nne wa vita. Chumvi ilipandishwa kwa miguu kutoka mji wa Baraka, siku mbili, na huyu bwana alikuwa ameshapita nyumba zote.

"Hii njo ya kufanya serum ya batoto. We muntu, unakulaka chumvi namna gani?"

"Komanda njo anaomba."

Komanda! Mkuu huyo wa wapiganaji waliokalia mlima aling'oa plaki za jua, zile za kutoa umeme, kwenye kila zahanati na kila kanisa, akianza na zile za frigo ya chanjo ya Florentine, akazipanga themanini mgongoni mwa mlima. Miti ilikatwa yote, isizitie kivuli. Asidi ya betri mbovu ikamwagwa kwenye chemchemi, watoto wakaanza kuharisha. Umeme wote huo ulikuwa wa bia baridi na redio ya mawasiliano. Redio hiyo ndiyo iliyoita askari wa bondeni wakachoma kijiji cha dada yake. Ijumaa wangeitwa kuchoma hiki. Komanda alishatangaza mwenyewe, akicheka.

Na aliyezisugua plaki zile kila asubuhi ni Norbert, yuleyule fundi wa frigo aliyekuwa akimkemea Florentine kwa kuweka jagi la serum, maji ya chumvi na sukari, karibu na betri. Maji hayo yakiingia humo, alisema, betri imekwisha. Leo anawalelea wauaji betri zao! Florentine alimtupia miguuni mfuko wake mwekundu wa kitambaa, akatema mate. Norbert akauokota, akaondoka akikohoa.

Ijumaa mchana Florentine aliitwa mlimani. Komanda alikuwa ameungua mkono kwa asidi, akifungua betri mwenyewe.

"Redio imekufa! Betri zote zimekufa! Norbert iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Hakuonekana tangu asubuhi. Kibanda cha betri kilinuka vibaya, koo likawasha. Florentine alipiga magoti afunge jeraha, na hapo akaiona, chini ya meza ya betri: mifuko ya chumvi ya kijiji kizima, mitupu, ule wake mwekundu ukiwa juu.

Akaisukuma gizani kwa goti, taratibu, huku akiendelea kufunga bandeji.