Sentimita Tisini

Gari lilikuwa limekwisha kukatwa vipande viwili pale mwenyewe alipoingia gereji na kubadili kipimo.

"Weka tisini," alisema.

"Dada, tulikubaliana sabini." Fundi alivua miwani ya kuchomelea. "Chuma cha sabini ninacho hapa. Cha tisini ni mpaka niagize, siku kumi nzima. Halafu ukizidisha urefu, gari linakuwa gumu kukata kona."

"Fito zangu ni ndefu, fundi. Nitasubiri."

Mwanamke huyu alikuwa mpima ardhi. Gari lake la porini lilikuwa fupi mno, likipita kwenye mawe linarukaruka kama mbuzi, na fito zake za kupimia zilitokeza dirishani zikitishia macho ya wapita njia. Alitaka magurudumu ya nyuma yasogezwe mbali na ya mbele, apate nafasi na utulivu. Kazi yenyewe si ya mchezo: fremu inakatwa, chuma kinaongezwa katikati, kisha propela ya kuzungusha magurudumu na paipu za breki zinarefushwa zifuate. Aliyeiweza ni fundi huyu tu, ambaye watu walimwita Milimita kwa sababu hakati kitu mpaka akipime mara tatu.

Milimita hakubisha tena. Angeambiwa aongeze mita mbili, angeongeza.

Ukweli ni kwamba alikuwa amependa, tena amependa vibaya. Ilianza siku ile ya kwanza, mpima alipozungukazunguka uani na utepe wake akipima chochote kilichosimama, mpaka meza ya shangazi yake fundi, eti ni mazoea ya kazi. Milimita alikuwa na miaka arobaini na moja na hajaoa. Mbele ya injini alikuwa simba, lakini mbele ya mwanamke huyu ulimi ulishika kutu. Alichokijua ni kimoja tu: siku gari litakapotoka, na mwenye gari ndiyo kwaheri.

Shangazi yake, aliyeshona viti vya magari kwenye pembe ya gereji hiyohiyo, aliyaona yote.

"Hiyo bolti umeifuta mara ya nne," alimwambia. "Mwambie mwenzio."

"Nimwambie nini, shangazi?"

"Mficha uchi hazai. Na uache kumwita dada! Ukizidi kumwita dada, naye atakuita kaka, na mambo yataishia hapo."

Kila alasiri mpima alikuja kukagua, hata siku ambazo hapakuwa na la kukagua. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, daftari lake gumu magotini.

"Hii ni nini, fundi?"

"Ekseli."

"Na ile ya jana?"

"Ilikuwa hiyohiyo, dada."

Siku moja, chuma cha tisini kikiwa bado njiani, shangazi alizichukua zile fito aziegemeze ukutani. Moja akaizungusha bila kukusudia. Ikafunguka katikati, ikawa vipande viwili.

"Ala! Kumbe zinafunguka? Hizi zingeenea hata kwenye gari lilivyokuwa mwanzo."

Milimita alichungulia getini kama mwizi. "Nakuomba shangazi, usimkumbushe. Akirudi kwenye sabini, kazi inaisha wiki hii."

Shangazi akamtazama kwa huruma, akairudishia fito ile na kuendelea kushona.

Siku ya siku ikafika. Gari lilisimama uani, refu, limenyooka, linang'aa. Ungetafuta lilipoungwa usingepaona. Milimita alikuwa amefanya mazoezi ya sentensi tatu tangu asubuhi, mbele ya kioo cha pembeni cha gari hilohilo. Wakati ulipofika, alisema:

"Tairi zina upepo wa kutosha, dada."

Shangazi akajifunika uso kwa kitambaa cha kiti.

Mpima akawasha, akaenda taratibu mpaka getini. Nje ya geti kulikuwa na uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro ukuta wa ghala. Akakata kona, pua ikafika ukutani. Akarudi nyuma, ubavu ukagusa nguzo ya geti. Mbele, nyuma, mbele. Mara ya sita akazima injini.

Jasho lilimtoka Milimita. "Geti," alinong'ona. "Geti sikulipima."

"Milimita kafuga ngamia kwenye banda la kuku!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka uchochoroni, na kicheko kikamfuata.

Kuvunja nguzo haikuwezekana. Mwenye nyumba hakuruhusu hata msumari, na alikuwa amesafiri, harudi kabla ya miezi miwili. Kulifupisha gari upya ni wiki sita. Milimita alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumpoteza mpima alikuwa amekwisha kujiandaa nako, lakini si kumpoteza akiwa amemchukia.

"Nisamehe," alisema. "Kosa ni langu lote. Nilipima kila kitu, hili likanipita."

Mpima alishuka. Hakufoka. Alifungua mkoba, akatoa kalamu na lile daftari gumu, akampa bila kumtazama usoni.

"Basi lipime sasa," alisema. "Uandike humo."

Milimita alifungua ukurasa wa kwanza akitafuta penye nafasi. Hapakuwa na nafasi. Palikuwa na tarehe ya siku ile ya kwanza, na mchoro safi wa geti, uchochoro na ukuta wa ghala, kila upana umeandikwa pembeni yake. Chini ya mchoro, kwa mwandiko wa kutulia: "Nyongeza ya mwisho inayoweza kutoka getini: sm 85."

Na chini zaidi, yamepigiwa mistari miwili, maneno haya: "Mwambie tisini."