Penseli Pembeni mwa Hotuba

Siku ya kuanua matanga, shemeji yangu mkubwa aliuliza kama kuna mtu mwingine mwenye kitu cha marehemu, ili kigawanywe mbele ya ukoo. Mwanne, aliyempigia chapa mume wangu hotuba zake kwa miaka kumi na minane, akasimama na bahasha kifuani.

“Shikamoo, mzee. Ninazo karatasi zake. Naomba nibaki nazo.”

“Subiri, binti. Mjane anachagua kwanza. Marehemu alipigania hilo majukwaani toka hapa Zuzu mpaka Mtera. Tusimwaibishe leo.”

Nikafungua bahasha. Hotuba zote nilizijua, maana nilikuwa nakaa mstari wa mbele na kina mama wenzangu. Nilichokuwa sijakiona ni maneno ya penseli pembeni, kwa mwandiko wake mdogo uliolala: “Mwanne, hapa nitakutazama kwanza.” Kila karatasi.

Nilikumbuka alivyokuwa akinyamaza katikati ya hotuba na kuinua macho juu ya vichwa vyetu. Watu walikuwa wakilia. Mimi nilidhani anatafuta maneno.

“Ulikuwa unasimama wapi?” nikamuuliza Mwanne.

“Nyuma kabisa, dada. Nikiinua mkono, anajua sauti inafika.”

Alisema bila kunikwepa macho. Ingekuwa afadhali angenikwepa.

“Nazichukua mimi,” nikamwambia shemeji.

Mwanne akaitikia taratibu, “Ni haki yako, dada.”

Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikaanza kufuta penseli kwenye karatasi ya juu.