Ridhaa ya Marehemu Sudi

Mtaani kwa Bi. Mosi mtaro hauchimbwi mpaka wakazi wote waridhie, na marehemu nao huulizwa kupitia visanduku vinavyotunza fikra na sauti zao. Mafuriko yalikuwa yameshachukua mapacha wa jirani, lakini mume wa Bi. Mosi, marehemu Sudi, aliukataa mtaro kwa mara ya tisa.

"Mtapita juu ya kaburi la mwanetu Kheri," kisanduku kilisema. "Mke wangu, waambie."

Bi. Mosi aliinamisha kichwa.

"Mzime tu, shangazi," mwenyekiti alimsihi. "Anayenyamaza huhesabiwa ameridhia."

Alikipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akakizima. Mkutano ukapitisha.

Siku ya kuchimba, alikipakata kisanduku akamwomba Sudi msamaha. Kilinyamaza. Alijaribu, kwa sheria ile ile, kuhesabu kwamba amesamehewa.